Chumbani, shirikani, chumba cha maombi au kikundi cha huduma: Mkristo wa Goma aombee wapi?

Goma haijapungukiwa na mahali pa kuomba. Kutoka Katindo hadi Ndosho, kutoka Birere hadi Mugunga, kila avenyu ina kanisa la mawe, kanisa la mbao, au parseli (kiwanja cha nyumba) ya mtu inayogeuka kanisa siku ya Ijumaa. Kilichopungua ni saa, nauli ya moto (pikipiki), na nguvu za mtu aliyeamka alfajiri kupanga bidoni za maji kwenye robine. Kwa hiyo anayeuliza pa kuombea si mvivu. Ni mama ambaye jioni zake huru ni mbili tu kwa juma. Ni kijana aliyehamia mtaa mwingine akakuta shirika, yaani jumuiya ya sala ya majirani, linamwita, waimbaji wanamwita, na rafiki anamwambia, "Kuja kwetu, kule kuna moto."

Hapa nalinganisha njia nne: kuomba peke yako, kuomba na majirani katika shirika, kwenda chumba cha maombi (kinyumba cha waombezi kilicho wazi kwa wote) pamoja na makesha yake, na kujiunga na kikundi kinachounganisha sala na huduma kwa wenye shida. Sishindanishi madhehebu. Mkatoliki, ndugu wa makanisa ya Kiprotestanti ya CBCA na CEPAC, na wa makanisa ya uamsho, kila mmoja anazo njia hizi kwake, hata kama majina yanatofautiana.

Tunapima nini

Mkristo anadaiwa mambo mawili: kumtumaini Mungu kwamba ni mwema, na kuwatendea watu kwa upendo. Wengi wetu tumelegea upande mmoja kuliko mwingine. Yupo anayeamini bila shida kwamba Mungu atafanya, lakini mke wa kaka yake hajamsalimu tangu Noeli. Yupo pia anayegawa unga wake wa mwisho bila kusita, lakini usiku ukifika hana tena neno la kumwambia Mungu. Hawa wawili hawafai kutumwa mahali pamoja, ingawa ndivyo tunavyofanya kila siku: tunamwalika kila mtu kule tulikopona sisi.

Na hapa kwetu tumaini si jambo rahisi. Volkano yetu ya Nyiragongo ilitema moto mwaka 1977, ikarudia tarehe 17 Januari 2002 na kumeza sehemu ya mji pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha tena tarehe 22 Mei 2021. Vita viliingia mjini Januari 2025, na benki zikafungwa. Mhubiri akisema "Mungu ni mwema!", tunajibu "Wakati wote!", na wapo wanaojibu wakiwa wamehamishwa mara tatu. Simcheki anayejibu hivyo, wala simcheki anayenyamaza. Zaburi ya 13 yenyewe inaanza kwa kuuliza "hata lini?" kabla ya kufika kwenye wimbo.

Basi kila njia nitaipima kwa mambo matano. Inachukua muda gani na inagusa mfuko kiasi gani. Inasaidiaje kutumaini wema wa Mungu, hasa jibu likichelewa. Inafanya nini kwa jirani. Hatari yake ni ipi. Na inamfaa nani.

Tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko alipokutana na vijana katika uwanja wa Martyrs kule Kinshasa, aliwaomba waangalie mikono yao. Kila kidole alikipa jina: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Gumba lilikuwa sala, kidole kidogo kikawa huduma. Nimeliweka hilo karibu kwa sababu hakuna hata njia moja kati ya hizi nne inayojaza mkono mzima.

Kuomba peke yako

Muda na mfuko. Ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote. Nusu saa inatosha, hata robo saa, na hakuna anayepitisha kikapu. Ugumu uko mahali. Yesu alisema uingie katika chumba chako na kufunga mlango, lakini nyumba ya mbao wanamolala watu saba haina chumba cha kufunga. Watu wetu wamejitafutia vyumba vingine: mwenye moto anaomba akiwa juu ya kiti chake akingoja abiria, mama wa soko la Kituku anaomba akisubiri mitumbwi ya kutoka kisiwa cha Idjwi, mlinzi anaomba saa nane za usiku akizunguka uzio. Ni vyumba halali kabisa.

Tumaini. Hapa njia hii ina nguvu ambayo nyingine hazina. Peke yako unaweza kumwambia Mungu yale ambayo mbele ya watu yangeitwa kukosa imani: kwamba humwelewi, kwamba umechoka, kwamba ulimwomba jambo moja akakunyima hilohilo. Zaburi ya 88 inamalizika gizani, bila neno la faraja, na bado imo katika Biblia. Shirikani mtu angekukatiza kwa pambio. Chumbani hakuna anayekuharakisha kufika "Amina". Wapo watu ambao tumaini lao lilirudi kwa sababu tu walipata mahali pa kulalamika kwanza.

Kwa vitendo, usianze na maneno yako mwenyewe kila siku, yataisha. Chukua zaburi moja, au masomo ya siku kama wewe ni Mkatoliki, au rozari, uyaache yakubebe siku ambayo huna la kusema. Andika maombi yako katika daftari na tarehe pembeni. Baada ya miezi michache utakuta yapo yaliyojibiwa bila wewe kugundua, na yapo uliyoacha kuyataka.

Jirani. Hapa ni dhaifu, tuseme ukweli. Mtu anaweza kuomba saa nzima kisha akatoka na kumpita mgonjwa wa mlango wa pili. Lakini kuna jambo moja ambalo kwa kawaida huanzia hapa na si kwingine, nalo ni msamaha. Kumtaja adui kwa jina mbele ya Mungu, kila siku, bila watu kukuona na kukusifu, ni kazi ngumu, na siijui njia iliyo fupi zaidi ya hiyo.

Hatari. Ukiomba peke yako miaka mingi bila ndugu wa kukupinga, Mungu anaanza kufikiri kama wewe: anawapenda unaowapenda, anawachukia unaowachukia. Tena ukiacha, hakuna anayegundua.

Inamfaa nani. Wenye zamu za usiku, waganga wa hospitali na walinzi, wafiwa waliochoshwa na wafariji, na waliowahi kuumizwa na kikundi cha dini ambao bado hawajaweza kurudi katikati ya watu. Sala ya nyumbani pamoja na watoto naiweka humu humu, kwa ushauri mmoja: iwe fupi. Mtoto aliyelazimishwa kupiga magoti dakika arobaini atakumbuka magoti tu.

Shirika

Maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu wa mwaka 1961, waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai ndogo ndogo za msingi, siyo juu ya misheni kubwa pekee. Uamuzi huo ndio uliotupa shirika: familia za avenyu chache zinazokutana kila juma katika parseli ya mmoja wao, leo kwangu, kesho kwako. Waprotestanti wengi wana seli au kikundi cha maombi cha mtaa, na karibu yote nitakayosema yanawahusu nao.

Muda na mfuko. Saa moja na nusu kwa juma, kwa miguu, hakuna nauli. Mfuko ndio wenye maneno. Michango ya shirika ni midogo lakini haiishi: kilio, harusi, mgonjwa, ziara ya padri, sikukuu ya parokia. Wapo walioacha kuja kwa aibu ya kusomwa majina ya wasiotoa. Kama ni wewe, mwambie kiongozi faraghani mapema. Na kama kiongozi ni wewe, acha kusoma majina. Kazi hiyo waachie wenye maduka na madaftari yao ya madeni.

Tumaini. Shirika halikupi msisimko. Mara nyingi sala yenyewe inaharakishwa, Injili inasomwa, mtu mmoja anazungumza muda mrefu kupita kiasi, kisha matangazo yanakula nusu ya kikao. Lakini tumaini la shirika linakuja kwa mlango mwingine. Aliyefiwa anaona watu kumi na wawili wameleta makala (makaa), unga na mikeka kabla hajaomba. Mwanamke aliyejifungua anaogeshewa mtoto. Ukiwa umetendewa hivyo mara mbili au tatu, kusema kwamba Mungu ni mwema kunapata mifano yenye majina na milango.

Jirani. Hapa shirika linazishinda zote, na sababu yake inashangaza kidogo: hukuwachagua watu hawa. Chumba cha maombi unakifuata kwa sababu unampenda mhubiri, kikundi cha huduma unakiingia kwa sababu mnafanana. Shirikani unamkuta yule mliyegombana juu ya mfereji wa maji ya mvua, na mwenye nyumba anayekudai, na kijana anayepiga muziki hadi usiku wa manane. Injili ya Matayo inamwambia mwenye kutoa sadaka aiache mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Shirikani ndugu huyo ameketi mbele yako kwenye ubao uleule.

Kuna zaidi. Mitaa ya Goma imechanganya Wanande, Wahunde, Washi, Watutsi, Wahutu, Wanyanga na wengine wengi, na kila vita vinapokaribia, neno "hao" linaanza kusikika hata mbele ya msalaba. Shirika linalosali pamoja wakati huo linafanya kazi ambayo mkutano mkubwa wa amani hauwezi, kwa sababu linajua nani anahitaji kusindikizwa hadi nyumbani. Na shirika linalonyamaza neno hilo likisemwa limeshaanza kuugua.

Hatari. Umbea. Lililosemwa kama nia ya maombi Jumatano linakuwa habari ya sokoni Alhamisi. Pia wapo viongozi wasiotoka, na mashirika yanayogeuka ya kabila moja bila mtu kuamua.

Inamfaa nani. Mgeni katika mtaa, mjane, mzee anayeishi peke yake, familia changa isiyo na ndugu mjini. Pia yeyote ambaye siku moja atahitaji ubatizo, ndoa au misa ya mazishi, maana mara nyingi parokia itauliza kwanza kama shirika linamjua.

Chumba cha maombi na kesha

Wasomi wetu hupenda kukidharau chumba cha maombi. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Jumanne saa nane mchana padri yuko mkutanoni, mchungaji wa kanisa kubwa amesafiri, na mwanamke ambaye mume wake hajulikani alipo anahitaji mtu wa kuomba naye sasa hivi. Chumba cha mbao kipo wazi. Ndani kuna waombezi watatu, wanamketisha, wanamsikiliza, wanalia naye. Hilo si jambo dogo.

Muda na mfuko. Njia hii inataka muda mwingi kuliko zote: ibada za mchana katikati ya juma, kesha la Ijumaa kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, mifungo ya siku tatu au saba. Usiku wa Goma hautembewi ovyo. Ukienda kesha, lala hukohuko mpaka kupambazuke. Kuingia ni bure. Kutoka ndiko kunakotofautiana. Sadaka ya hiari ni halali, hata mtumishi anakula. Lakini ukisikia kwamba maombi ya aina fulani yana bei, au kwamba "mbegu" ya dola kadhaa ndiyo itafungua mlango wa safari au wa kizazi, simama utoke. Elisha alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma, na mtumishi wake Gehazi aliyezikimbilia kwa siri alirudi na ukoma uleule.

Tumaini. Ushuhuda una nguvu. Mtu anayesimama na kusema "nilikuwa hivi, Mungu amenifanyia hivi" anaweza kumwinua aliyekuwa ameamua kuacha kuomba. Na sauti kubwa ina kazi yake. Wapo waliobeba jambo kifuani miaka mingi, wanawake hasa, ambao mara ya kwanza walipolia bila mtu kuwaambia wanyamaze ilikuwa kwenye kesha.

Shida inakuja jibu linapochelewa. Mahali pengi tumaini limefungwa kwenye jibu, halijafungwa kwa Mungu mwenyewe. Mgonjwa asipopona, lawama inamrudia: hukuamini vya kutosha, kuna dhambi umeficha. Sasa ana ugonjwa na hatia juu yake. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, mbele ya tanuru, walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataabudu sanamu. Sikiliza kama katika chumba unachokwenda sentensi hiyo ya pili inahubiriwa. Kama inahubiriwa, uko mahali pazuri.

Jirani. Kwa wenye shida waliomo ndani, upendo mara nyingi ni wa kweli na wa haraka. Swali ni kwa walio nje. Kuna unabii unaomtafuta mwenye kosa, na karibu kila mara anakuwa mtu wa nyumbani asiye na mtetezi: mama mkwe, bibi mzee, mtoto wa kambo. Hapa sina upole. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu kwa kosa hilo. Watoto wengi tunaowaona wakilala nje walianzia kwenye neno la namna hiyo. Neno linalokutuma ukamchukie mtu wa nyumba yako halihitaji kusubiri lithibitishwe na nabii wa pili.

Hatari nyingine ni ya mwili. Kufunga bila maji siku tatu ni hatari kwa yeyote, na zaidi kwa mwenye kisukari, mwenye presha, mjamzito au anayenyonyesha. Na hakuna maombi yanayodai uache dawa za virusi vya ukimwi au za kifua kikuu ili kuonyesha imani. Kunywa dawa, kisha uombe.

Inamfaa nani. Aliye katika dharura ya moyo, aliyeganda ambaye hajalia tangu msiba, na anayejifunza kuomba kwa sauti na kuwaombea wengine. Simshauri mwenye deni kubwa au mwenye kutafuta mchawi wake. Wote wawili watatoka na mzigo zaidi.

Kikundi cha sala na huduma

Jina la Floribert Bwana Chui linajulikana Goma, ingawa wengi wanajua kifo chake kuliko namna alivyoomba. Alizaliwa hapa mwaka 1981, akasoma sheria, akafanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia mpakani. Walimtaka apitishe mchele ulioharibika na wakamtolea fedha. Alikataa. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri katika basilika ya Mtakatifu Paulo, Roma. Miaka miwili kabla yake, pale Kinshasa, Papa Fransisko alikuwa amemtolea mfano kwa vijana alipofika kidole cha uaminifu.

Kinachonigusa mimi ni yale yaliyotangulia mchele. Floribert alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzia Roma mwaka 1968, ambayo desturi yake ni sala ya pamoja na urafiki na maskini. Aliwafuata watoto wa mtaani wa Goma, akawasomesha, akala nao. Mtu aliyezoea kula na watoto hao anajua ni nani atakayekula mchele ule mbovu.

Sant'Egidio si peke yake. Legio ya Maria, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921, inakusanya wanachama wake kila juma kwa sala na kuwatuma wawili wawili kutembelea wagonjwa na wapweke. Wana kanuni inayowashangaza wengi: hawagawi vitu wala fedha, wanapeleka uwepo wao tu. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanza Paris mwaka 1833, kinafanya kinyume: kinabeba pia unga na mafuta hadi mlangoni. Wamama wa makanisa ya Kiprotestanti wana vikundi vinavyotembelea hospitali na magereza. Ukichagua, uliza kwanza kama kikundi kinatoa vitu au hakitoi, ili usije ukakasirika bure.

Muda na mfuko. Nafasi mbili kwa juma, moja ya sala na moja ya kazi, pamoja na nauli ya kufika uliko wajibu. Fedha si nyingi, ila moyo hautakuruhusu kwenda mikono mitupu kila mara.

Tumaini. Hapa linakuja polepole, tena kwa kupitia mikono. Anayekwenda kila juma kwa mgonjwa yuleyule anaanza kuona mambo ambayo ukiwa mbali huyaoni: mgonjwa huyo anacheka, anawaombea waliomtembelea, anashukuru kwa maji ya moto. Lakini niseme na upande wa pili. Wapo waliovunjika humo. Ukiona njaa ya watoto kila Jumamosi bila kupata saa ya kunyamaza mbele za Mungu, utabaki na hasira, na hasira hiyo utaiita haki.

Jirani. Ni njia inayokupeleka kwa aliye mbali, yule ambaye shirika lako halitamfikia kwa sababu hana anwani. Mtume Yakobo anamkemea anayemwambia mwenye njaa "enenda kwa amani, ukashibe" bila kumpa kitu. Hapa huwezi kusema hivyo, kwa sababu juma lijalo utarudi na utamkuta.

Hatari. Picha. Mfuko wa unga mmoja, simu tano zinapiga. Mzee anayepigwa picha akipokea chumvi amelipa chumvi ile kwa heshima yake. Hatari ya pili ni kuwa mpole gerezani na mkali mezani kwako.

Inamfaa nani. Kijana mwenye nguvu na muda ambaye kazi haijapatikana, mtu wa ofisi anayejaribiwa na bahasha, na muumini aliyechoka na maneno ambaye bado hajachoka na Mungu.

Ukiwa katika hali hii

Umefika Goma juzi au umehamia mtaa mpya: anza na shirika au seli ya jirani, hata kama lile la zamani lilikuwa na nyimbo nzuri zaidi. Kikundi cha huduma kinaweza kungoja miezi mitatu. Majirani hawangoji, msiba au homa ya usiku haitauliza kama umeshazoea.

Umefiwa, au kuna mtu wako ambaye hajulikani alipo: usijilazimishe kwenda penye shangwe. Chumbani kwako na zaburi za malalamiko kwa majuma ya kwanza, na mtu mmoja tu wa kuketi naye. Ukiona kilio kimekwama, kesha moja na waombezi unaowaamini linaweza kukifungua. Ukiona hulali kabisa majuma mengi, au unatamani kufa, nenda pia kituo cha afya. Mtumishi mzuri atakusindikiza mwenyewe.

Unaumwa au una mgonjwa: tafuta maombezi bila haya, shirikani au chumba cha maombi, vyote viwili vinafaa, mradi dawa ziendelee na mtu asitafutiwe uchawi.

Umegombana na mtu, na unajua kabisa ni nani: wiki ya kwanza mtaje katika sala yako ya peke yako. Ya pili, nenda shirikani, hasa kama naye anakuja. Kukimbilia chumba cha maombi na ugomvi wa ndugu ni kumpa nabii kazi ambayo ni yako.

Unafanya kazi mpakani, ofisini, au popote ambapo sahihi yako ina bei: usibaki peke yako. Unahitaji kikundi ambamo mtu atakuuliza usoni, "Juma hili walikupa ngapi, ukasemaje?" Sala ya chumbani pekee inavumilia visingizio vingi sana.

Una saa moja tu kwa juma, kweli moja: igawanye. Dakika chache kila alfajiri, na shirika mara mbili kwa mwezi. Mwambie kiongozi wazi kwamba hizo ndizo nguvu zako, ili asikuandike katika kamati tatu.

Mume ni wa CEPAC na mke ni Mkatoliki, au kinyume chake: kila mmoja abaki na siku yake ya ibada, mwenzake asimcheke. Chagueni kazi moja ya huduma ya kufanya pamoja, mgonjwa mmoja au familia moja ya waliohamishwa, na zaburi moja jioni kabla watoto hawajalala. Michango ya pande zote mbili ipangeni mwanzoni mwa mwezi, kabla ya karo ya shule.